Jinsi ya kuanza kucheza Red Alert: A Path Beyond bila kuwa mzigo kwa timu yako

Kwa mliocheza Red Alert, ile gemu ya vita ya kampuni ya Westwood ya 1996, stori mnaikumbuka: Einstein anarudi nyuma mpaka 1924, anampa Hitler mkono pale Landsberg, Hitler anafutika kwenye historia, halafu badala ya amani ndo Stalin anaivamia Ulaya na vifaru vyake. A Path Beyond ni vita hiyohiyo, ila sasa hukai juu unaburuza mausi na kutuma watu wakafe, unashuka chini unakuwa mmoja wao. Imetengenezwa na mashabiki, ni bure kabisa, na inatumia injini ya Renegade, shuta (gemu ya kufyatuliana risasi) ya Westwood ya 2002, japo huhitaji kuwa na Renegade yenyewe.

Kuipata sio kazi. Shusha lancha (programu ya kufungulia gemu) ya W3D Hub kwenye Windows, fungua akaunti, chagua gemu, iache ijiinstoo (kama bando lako la kuungaunga subiri la usiku), na orodha ya seva iko humohumo. Ukikuta seva tupu usikimbilie kusema gemu imekufa, wachezaji wake ni wachache na wanapenda kupanga muda wa kukutana, ingia muda huo.

Sasa ukishaingia, tatizo la wengi waliotoka kwenye shuta za kawaida ni kukimbia mbele kutafuta vichwa. Hapa hata ukiua watu hamsini unaweza kushindwa vibaya tu, maana kinachoamua mechi ni majengo. Refainari ndo inaleta hela, woofaktori inatoa magari, bareksi inatoa askari, pawa planti inalisha umeme, na kila jengo linaloanguka mnapoteza kazi yake. Kwa hiyo siku za mwanzo mimi nakushauri chukua injinia, kaa besi, tengeneza kila kinachopigwa. Inaboa kidogo, najua, lakini injinia mmoja anayejielewa anazuia timu isife na huku unajifunza ramani bila kelele.

Hela inatoka kwenye lori la madini. Linachota, linarudi refainari, na kila mtu kwenye timu anapata mgao wake, so ukiona adui analipiga achana na ulichokuwa unafanya nenda kaliokoe. Ukishakusanya ndo unanunua kwenye zile tamino (mashine za manunuzi) zilizomo ndani ya majengo.

Upande wa Soviet ni wa mabavu, kifaru chao kikubwa, Mamothi, ina mizinga miwili na ngozi ngumu ila mwendo wake wa kobe, ukiipeleka peke yako bila mtu wa kukulinda watakuzunguka tu. Allies wana vifaru vyepesi na vya haraka, ukisimama kupigana uso kwa uso na Mamothi umejitakia, wewe piga, rudi nyuma ya jengo, tokea upande mwingine. Artileri (gari la mzinga la Allies) na V2 (gari la kombora la Soviet) zote zipige kwa mbali, usizisogeze mbele hata siku moja, zinakufa haraka mno.

Tesla koili, mnara wa umeme wa ulinzi wa Soviet, ndo inayowaua wageni wengi wa Allies. Unaona mnara unang'aa, unasikia umeme, umekufa. Usiukabili kichwakichwa, inahitaji umeme kufanya kazi, kwa hiyo pawa planti ikianguka ile mitambo inabaki mapambo. Au tumia spai (jasusi), ulinzi wa besi haumfyatulii, anapita mlangoni kama mwenyeji. Ila wachezaji wenyewe wanamshtukia, hasa ukitembea kama mtu anayejificha. Kuna na mwizi, huyu anaingia refainari ya adui anawachotea hela, na wakati wao wanahangaika mbele hakuna anayemuona.

Kitu cha mwisho, tumia zile sauti za redio, Ctrl au Alt pamoja na namba. Hata kama Kiingereza chako cha kuandika haraka ni cha shida, kubonyeza tu kwamba jengo linapigwa kunatosha kuwarudisha watu besi.