Gari liko Nairobi, ufunguo wa nati umebaki ng'ambo

Kaka yangu alinipigia simu jioni akiwa kando ya Thika Road, karibu na Roysambu. Tairi la nyuma limepata pancha, spea na jeki anazo, fundi ameshafika na boda. Nati nne zimelegea. Ya tano spana haiishiki, ina mchoro kama ua usoni. Nikajua hapo hapo. Ile soketi ndogo ya kuifungua nilikuwa nimeiacha kwenye droo ya jikoni kwangu Leicester, Uingereza, na gari lilishapita bandari ya Mombasa zamani.

Nati za kufuli huwekwa moja kwa kila gurudumu ili mwizi asiondoke na rimu. Ufunguo wake ni kipande cha chuma kinachotosha kiganjani. Kabla hujaagiza nyundo, mwambie aliye nyumbani atafute vizuri: ndani ya deshibodi, chini ya viti, na hasa kwenye buti, chini ya zulia, ndani ya ile povu inayozunguka spea na jeki. Mara nyingi umejificha humo, ndani ya kifuko kidogo cha plastiki.

Usipopatikana, wewe uliye mbali ndiye wa kwanza kusaidia. Pekua karatasi ulizopewa uliponunua gari. Huenda kuna kadi yenye msimbo (code) wa ufunguo, na kwa msimbo huo utaagiziwa mwingine. Kama kadi haipo, aliye Nairobi apige picha ya uso wa nati, kamera ikiielekea moja kwa moja, akutumie. Muuzaji rasmi wa aina hiyo ya gari ana seti ya funguo na anaweza kulinganisha mchoro. Njia hii huchukua siku, lakini hakuna kinachoharibika.

Gari likiwa limekwama barabarani, fundi atatumia soketi ya pembe 12 iliyo ndogo kidogo kuliko nati. Anaigonga kwa nyundo mpaka iume, kisha anazungusha kwa mpini mrefu, polepole, tairi likiwa bado chini na breki ya mkono imevutwa. Nati nyingine azikaze kwanza, kwa sababu zikibeba mzigo ile ya kufuli hulegea kwa urahisi. Nati ikitoka hubaki imenasa ndani ya soketi. Huchokolewa kwa chuma kupitia tundu la upande wa pili. Kaka yangu aliokolewa hivyo, na soketi ya fundi nikailipia.

Njia hiyo hushindwa nati ikiwa na pete ya nje inayozunguka yenyewe. Soketi itashika pete tu, na nati haitasogea. Hapo mtafute fundi mwenye kifaa maalumu cha kung'olea, chenye meno ya ndani yanayouma zaidi kadiri kinavyozungushwa.

Kuna jambo moja ninalowaomba mlikatae kabisa: kuchomelea nati nyingine juu yake tairi likiwa limevaa rimu. Nimesikia likipendekezwa kama jambo la kawaida. Moto ule huipasha rimu, hewa ya ndani hutanuka, na mpira ukianza kuungua tairi linaweza kulipuka na kuua aliyeinama mbele yake. Bora gari livutwe hadi gereji.

Moja ikishatoka, toeni na zile za kufuli za magurudumu mengine siku hiyo hiyo na kununua za kawaida. Kwenye soko la vipuri la Grogan, kule Kirinyaga Road, Nairobi, utapata za karibu kila gari, ila nenda na ya zamani mkononi. Nyuzi zilingane, na sehemu inayokalia rimu pia: nyingine ni koni, nyingine duara, na za rimu nyingi za Toyota zina washa (pete) bapa. Volkswagen na BMW hutumia bolti badala ya nati, kwa hiyo pima na urefu. Zikazwe kwa mkono kwanza, kisha kwa spana ya kipimo (torque wrench), inayoonyesha nguvu ya kukazia. Magari mengi madogo huhitaji Newton-mita 100 hadi 120. Baada ya kilomita 50 zikaguliwe tena.

Na wewe ambaye gari lako bado halijapakiwa melini, toka nje sasa uutafute huo ufunguo. Piga picha ya msimbo wake, itume kwenye WhatsApp ya familia, halafu mwombe fundi wa huko huko aweke nati za kawaida kabla gari halijaenda bandarini.