Kulinganisha upasuaji wa matundu na wa kupasua tumbo kwenye ovari za mbuzi

Nafanya kazi hii Kampala, nikitumia mbuzi wa Mubende. Madaktari wa mifugo wanaoanza utafiti huniuliza: kutoa ovari kwa njia ipi humpa mnyama nafuu, matundu madogo yanayopitisha kamera na vifaa, au kupasua tumbo? Jibu hutegemea ulivyojipanga kabla hujashika kisu.

1. Kibali. Andiko liende kwanza kwenye kamati ya maadili ya taasisi yako, kisha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia (UNCST). Usinunue mbuzi kabla.

2. Chagua kipimo kikuu kimoja. Mimi huchagua makovu yanayogandisha viungo tumboni, kwani hayo humsumbua mnyama jeraha la nje likiwa limeshapona. Kipimo hicho ndicho kinachokuambia unahitaji mbuzi wangapi. Usizidishe hata mmoja.

3. Piga kura. Weka kila jina la njia kwenye bahasha iliyofungwa, uifungue mbuzi akiwa ameshalala. Kwa hiyo wote huandaliwa sawa: saa 24 bila chakula, 12 bila maji, na mpira wa hewa kooni. Matundu hudai kichwa kiinamishwe, na tumbo likijaa cheuo hurudi na kuingia mapafuni.

4. Mpasuaji awe mzoefu wa njia zote mbili. Aliyezoea kupasua tumbo, na matundu ameyafanya mara tatu tu, atakuwa anapima mkono wake mwenyewe.

5. Mezani. Kwenye matundu, shinikizo la gesi ya kaboni dioksaidi inayojaza tumbo lisizidi milimita 12 za zebaki. Likizidi, mbuzi hupumua kwa shida. Kwenye makundi yote vaa glovu zisizo na poda, maana poda yenyewe huzua makovu, na lowanisha tishu kwa maji ya chumvi. Tayarisha jenereta au betri. Umeme ukikatika kamera ikiwa ndani, au damu ikikataa kusimama, pasua bila kusita. Lakini mbuzi huyo hesabu yake ibaki kwenye kundi la matundu alilopangiwa. Wengi humhamishia la pili, na matundu yanapata sifa yasiyostahili.

6. Bandeji. Hapa ndipo nilipopoteza kazi yangu ya kwanza. Mpima maumivu aliona kidonda kirefu kwa baadhi ya mbuzi, akawapa alama za juu hata walipokuwa wakicheua kwa raha. Sasa kila mbuzi hunyolewa eneo lilelile na kufungwa bandeji pana inayolingana, na anayepima hakuwepo chumba cha upasuaji. Yeye pia ndiye anayetazama video za makovu, zikiwa na namba tu.

7. Maumivu. Wote wapate meloksikamu, dawa ya kutuliza maumivu, kwa dozi ileile. Ukimkuta anasaga meno, ameinamisha kichwa na hagusi majani, mwongeze dawa usiku huohuo hata kama data itavurugika, kisha andika saa na kiasi ulichompa.