Kompyuta Uliyoiunganisha Mwenyewe Haiwaki? Pita Njia Hii

Vifaa vyote ni vipya, nyaya umezipanga vizuri, unabonyeza swichi na hakuna kinachotokea. Wengi hapo hapo huamua kuwa mazabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote) imekufa na kuanza kugombana na muuzaji. Subiri kwanza. Kwa mashine zinazoletwa mezani kwangu zikiwa ndiyo kwanza zimeunganishwa, kifaa kibovu ni nadra. Mara nyingi ni waya ambao haukuzama vizuri, au chuma kinachogusa pasipotakiwa. Kazi yetu basi ni kupunguza: tunaondoa kimoja kimoja mpaka mashine iwake, ndipo tunamjua mchawi.

Andaa bisibisi ya nyota na tochi ya simu. Ukipata na multimita (kipimo cha umeme), hata ile ya bei ya chini, umemaliza.

Hatua ya 1: Jua ugonjwa wenyewe

Mteja akiniambia "haiwaki", huwa namuuliza: haiwaki vipi? Iko ile ya kimya kabisa, hakuna feni wala taa. Iko inayogeuza feni kidogo, ikazima, pengine ikajaribu tena yenyewe. Na iko ambayo feni zote zinazunguka ila skrini ni nyeusi. Hiyo ya tatu umeme inao, kwa hiyo usihangaike na ukuta. Angalia waya wa prosesa (chipu kuu ya kompyuta) katika hatua ya 3 kisha nenda hatua ya 7. Inayowaka na kuzima mara nyingi ni dalili ya shoti: pawasaplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) inajilinda. Hiyo kagua nyaya za hatua ya 3, kisha nenda hatua ya 6. Ya kimya endelea nayo hapa chini kwa mpangilio.

Hatua ya 2: Umeme unafika?

Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ile ile. Usicheke, luku huisha. Soketi zetu za matundu matatu huwa na swichi ukutani, na plagi yake ina fyuzi ndani, kwa hiyo jaribu waya mwingine wa umeme. Acha ekstensheni pembeni, chomeka moja kwa moja ukutani. Kisha angalia swichi iliyo nyuma ya pawasaplai: I ni kuwasha, O ni kuzima.

Kama pawasaplai ni ya zamani au umeinunua iliyotumika, huenda ina kitufe chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Kwetu ni 230. Kikiwa kwenye 115 na ukaiwasha, utasikia mlio na harufu itakueleza mengine.

Hatua ya 3: Nyaya mbili kubwa

Mazabodi inataka waya wa pini 24 na mwingine wa pini 8, ule unaoingia kwenye kona ya juu karibu na prosesa. Huu wa pili ndio unaosahaulika kuliko vyote, kwa sababu umejificha nyuma ya heatsinki (kipoza joto cha prosesa) na kesi ikishafungwa hauonekani. Ukikosekana, mashine nyingi huzungusha feni na kukuachia skrini nyeusi.

Chomoa zote mbili uzirudishe. Wa pini 24 unahitaji nguvu, na mazabodi itapinda kidogo. Shikilia ukingo wake kwa mkono wa pili ili usiivunje. Sukuma mpaka ule ulimi wa pembeni ukae juu ya jino lake. Kama upande mmoja umenyanyuka hata milimita moja, haujaingia.

Usichanganye waya wa prosesa na wa kadi ya picha. Zote zina pini nane, ila wa prosesa hugawanyika nne kwa nne, wa kadi ya picha sita na mbili. Ukiona unalazimisha, umeshika usio wake. Na kama pawasaplai yako ni ya nyaya za kuchomoa, tumia zilizokuja nayo tu. Za kampuni nyingine zinaweza kuingia vizuri kabisa na mpangilio wa ndani ukawa tofauti, na hapo utaunguza mazabodi.

Hatua ya 4: Swichi ya kesi

Hapa ndipo penye mashine nyingi za "kimya kabisa". Kwenye kona ya chini ya mazabodi kuna kundi la pini ndogo, mara nyingi limeandikwa F_PANEL au JFP1. Kwa mpangilio uliozoeleka ni safu mbili: moja ina pini tano, nyingine nne na nafasi moja tupu mwishoni. Tumia hilo pengo kujielekeza. Kwenye safu yenye pengo, pini mbili zilizo jirani nalo ni za swichi ya kuwasha, na mbili zinazofuata ni za taa ya kuwaka. Safu nyingine ina taa ya diski na kitufe cha kuanzisha upya. Bado kitabu cha mazabodi kiwe mbele yako, maana wako watengenezaji wenye mpangilio wao.

Waya wa swichi hauna chanya wala hasi, uugeuze utakavyo. Taa ndizo zinazobagua.

Sasa jaribio lenyewe: chomoa waya wa swichi kabisa, umeme ukiwepo, kisha gusisha zile pini mbili kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja tu. Mashine ikiwaka, kila kitu ni kizima isipokuwa swichi ya kesi au ulipouchomeka waya wake. Ni volti chache, hazitakurusha, lakini usiteleze ukagusa pini za jirani.

Hatua ya 5: Pima pawasaplai peke yake

Zima ukutani, kisha chomoa nyaya zote zinazotoka kwenye pawasaplai kwenda kwenye vifaa. Nyoosha kibanio cha karatasi, unganisha waya wa kijani wa ile plagi ya pini 24 na waya mweusi wowote wa plagi hiyo hiyo. Kama nyaya zote ni nyeusi, tafuta pini ya 16 kwenye mchoro wa plagi hiyo, ndiyo ya ule waya wa kijani. Jirani zake, ya 15 na ya 17, zote ni ardhi, yaani ndizo za waya mweusi. Ukiwa na feni ya kesi yenye plagi inayoingia kwenye pawasaplai, ichomeke, kwa kuwa pawasaplai nyingine hazizungushi feni yao zikiwa hazina kazi. Halafu washa.

Mwenye multimita apime waya wa njano: isomeke kati ya volti 11.4 na 12.6. Wa zambarau usome karibu na 5 hata kabla hujaunganisha kibanio. Haina kitu? Irudishe dukani. Usiifungue, maana ndani kuna kapasita (vihifadhi umeme) zinazoweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa.

Ikifaulu jaribio hili, usiiachie huru moja kwa moja. Kuzungusha feni ni kazi ndogo. Kubeba mashine nzima ni jambo jingine.

Hatua ya 6: Toa mazabodi nje ya kesi

Iweke juu ya boksi lake la karatasi, si juu ya ule mfuko wa kung'aa, maana ule unaweza kupitisha umeme. Bakiza prosesa na heatsinki yake, kipande kimoja cha RAM (kumbukumbu) na pawasaplai. Washa kwa bisibisi kama hatua ya 4. Ikiwaka hapo na kwenye kesi ilikataa, shoti iko kwenye kesi. Mulika chini: kila nguzo ndogo ya shaba lazima iwe na tundu lake la skrubu juu yake. Iliyozidi hugusa mgongo wa mazabodi. Angalia pia lile bati la nyuma, vijibati vyake hupenda kujikunja na kuingia ndani ya matundu ya USB.

Hatua ya 7: Inawaka, skrini nyeusi

RAM moja iende tundu la pili kutoka kwenye prosesa, uisukume mpaka isikike "klak". Kama RAM ni ya aina ya DDR5, mara ya kwanza mashine hujipima na inaweza kukaa gizani dakika kadhaa. Usizime.

Waya wa skrini uko wapi? Prosesa kama Core i5-12400F na Ryzen 5 5600 hazina sehemu ya kutoa picha ndani yake, kwa hiyo HDMI ya mazabodi haitatoa kitu. Chomeka kwenye kadi ya picha. Halafu hiyo 5600 ukiiweka kwenye mazabodi ya B450 iliyokaa dukani muda mrefu, BIOS yake (programu ya ndani inayoiwasha mashine) huenda ni ya kabla ya prosesa hiyo. Baadhi zina kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi. Nyingine itabidi uazime prosesa ya zamani. Toa pia betri ya CR2032 kwa dakika chache, umeme ukiwa umechomolewa, BIOS irudi mwanzo.

Mazabodi nyingi zina vitaa vilivyoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Kinachobaki kinawaka ndicho mahali mashine ilipokwama.

Kama bado, azima pawasaplai ya mtu kwanza, kisha RAM, na mazabodi iwe ya mwisho. Prosesa mpya kuja mbovu ni nadra sana. Kabla hujapeleka mazabodi dukani, piga picha ya karibu ya soketi ya prosesa ukimulika kwa pembeni, na kama soketi ni yenye pini, zote zionekane ziko sawa. Pini ikionekana imepinda, waranti yako ndiyo imeishia hapo, na bila picha huna cha kuonyesha kwamba hukuipinda wewe.