Taa ya injini imewaka? Soma namba kwanza, kufuta baadaye

Ile taa ya njano yenye picha ya injini ikiwaka kwa dashibodi, watu wengi hapa Kampala wanafanya kitu kimoja tu, wanachomoa taminali ya betri dakika kumi, taa inazima, wanaendelea na safari, halafu siku tatu mbele iko palepale. Naomba usifanye hivyo. Ukichomoa betri unafuta pia ushahidi wote ambao kompyuta ya gari ilikuwa imekuwekea na makanika anabaki kubahatisha kwa pesa yako.

Angalia kwanza taa yenyewe inawakaje. Ikiwa imetulia na gari inavuta kawaida, endesha polepole ufike nyumbani. Ikiwa inapepesa na gari inatetemeka, weka pembeni, hiyo ni misfaya, petroli ambayo haijaungua inaingia kwenye egzosi na inaiua katalisti, kile kifaa kinachosafisha moshi. Taa nyekundu ya oili ni habari nyingine kabisa, hiyo unazima injini hapohapo.

Sasa kusoma. Tafuta skana ndogo ya ELM327, ile ya Bluetooth, na simu ya Android yenye app kama Torque au Car Scanner. Mwenye iPhone achukue ya WiFi, maana hizi za Bluetooth ya zamani haziishiki. Soketi ya kuchomeka skana iko chini ya dashibodi upande wa dereva, karibu na magoti, ina nafasi za pini 16. Chomeka, geuza ufunguo mpaka ON bila kupiga starta, unganisha simu, halafu soma makosa.

Utaona kitu kama P0171. Herufi P ni injini na giaboksi, C ni mambo ya chini kama breki za ABS, B ni bodi kama airbag, U ni kompyuta za gari zimeshindwa kuongea zenyewe kwa zenyewe. Tarakimu inayofuata ikiwa 0 maana yake ni ileile kwa gari zote, ikiwa 1 ni ya kampuni iliyotengeneza, kwa hiyo P1 ya Toyota usiitafsiri kwa maana ya Subaru. Andika namba zote, na fungua ile sehemu ya freeze frame upige skrinshoti, inakuonyesha wakati kosa linatokea gari ilikuwa na spidi gani, joto gani, injini inazunguka mara ngapi.

Hapa ndipo pesa zinapotea. Namba haikuambii ununue nini, inakuambia kompyuta imeona nini. Mimi Premio yangu ilitoa P0171, yaani hewa ni nyingi kuliko petroli, nikaambiwa ni sensa ya oksijeni, nikaenda soko la spea la Kisekka nikanunua, ikafungwa, taa ikarudi wiki hiyohiyo. Kumbe lile bomba la mpira linalotoka kwenye eya klina lilikuwa limepasuka upande wa chini ambako huoni bila kulikunja, na sensa ya zamani ilikuwa inasema ukweli muda wote!

Ungeweza kujua bila kununua chochote. Kwenye app angalia fuel trim, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, injini ikiwa ya moto. Ikiwa kwenye sailensa, yaani injini inanguruma bila kukanyaga mafuta, inasoma kama +20 halafu ukikanyaga mpaka mizunguko 2500 kwa dakika inashuka karibu na sifuri, kuna mahali hewa inaingia kwa wizi. Ikiwa inazidi kupanda gari inapobeba mzigo au kupanda mlima, shuku pampu ya petroli, filta, au sensa ya hewa iliyochafuka, na kwa vumbi la murram letu hiyo sensa inachafuka kweli, ipulizie dawa yake maalum usiiguse na kitambaa. P0301 ni misfaya ya silinda ya kwanza: hamisha koili yake uiweke ya pili, ukisoma tena ikawa P0302 basi koili ndiyo mbaya. P0420 ni katalisti haisafishi vizuri, lakini usikimbilie kununua nyingine, sikiliza kwanza kama egzosi inavuja.

Gari za Japani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina soketi ileile lakini nyingine zinakataa kuongea na ELM327. Kwa Toyota nyingi za hivyo unaunganisha pini ya 4 na ya 13 kwa kawaya, unageuza ON, unahesabu taa inavyopepesa: mbili, inapumzika, tano, hiyo ni 25, hewa nyingi kuliko petroli. Pini ya 16 usiiguse kabisa na hako kawaya, ina moto wa betri moja kwa moja.

Kufuta ni baada ya kurekebisha. Ufunguo ON, injini imezimwa, bonyeza futa, subiri, zima kabisa, washa. Siku za kwanza sailensa inaweza kuyumba kidogo maana kompyuta inajifunza upya. Endesha mjini kwenye jam, kisha barabara ndefu kama Entebbe na kurudi, halafu soma tena sehemu ya pending, yaani makosa ambayo bado hayajawasha taa, hata kama taa haijawaka, kwa sababu makosa mengi yanahitaji kuonekana safari mbili ndipo taa iwake, na ukilikuta pale bado una nafasi ya kurudi kwa makanika na skrinshoti zako mkononi.