Somo: Kuupa uchawi wa hadithi yako kanuni za kisayansi

Hadithi nyingi za ajabu tunazosomeana hapa Mombasa zina ugonjwa mmoja: mchawi akinyanyua mkono tu, kila kitu kinawezekana. Mhusika anayeweza yote hana hatari, na asiye na hatari msomaji hamjali. Dawa ninayoiamini ni bei. Kabla hujaeleza uchawi wako unafanyaje kazi, amua unagharimu nini na nani anayelipa. Fizikia ya sekondari inatosha kukupangia bei hizo.

Nitashika mfano mmoja: msichana wa Mji wa Kale anayechemsha maji kwa kuweka kiganja juu ya sufuria.

Hatua ya 1: Vunja kanuni moja tu

Nyingine zote ziache kama zilivyo. Joto kwa kawaida hutoka penye moto likaenda penye baridi. Friji hulipeleka kinyume kwa sababu inakula stima. Msichana wetu tumpe uwezo wa kulihamisha kinyume kwa nia yake, bila mtambo. Basi, hapo hapo tukome. Kuumba joto hawezi, maana nishati haiumbwi wala haiangamizwi, hubadilika na kuhama tu.

Simulizi zetu zenyewe zinalijua jambo hili. Chuma ulete haichapishi noti mpya: pesa hutoka kwenye droo ya mwenye duka zikaenda kwa mwenye uchawi. Ndiyo maana inatisha. Kuna mtu anayeibiwa.

Hatua ya 2: Piga hesabu

Hapa ndipo waandishi wengi huruka, na hapa ndipo hadithi ilipo. Kilo moja ya maji huhitaji takriban juli 4,200 (juli ni kipimo cha nishati) ili ipande digrii moja. Lita moja kutoka digrii 27 hadi 100 ni kama juli 306,000. Nishati hiyo ingetosha kumpandisha mtu wa kilo 70 zaidi ya mita 400 angani. Yaani kuchemsha maji ya chai, jambo tunaloliona dogo, ni ghali kuliko kumpaisha mtu juu ya paa! Mwandishi asiyepiga hesabu angepanga kinyume: mwanafunzi achemshe maji, bingwa ndiye apae.

Sasa uliza: joto hilo litoke wapi? Likitoka mwilini mwake, na tuseme ana kilo 50, joto la mwili litashuka karibu digrii 2, kutoka 37 hadi kukaribia 35. Chini ya 35 ndipo madaktari wanapoanza kuhesabu kwamba mwili umepoa kwa kiwango cha hatari. Sufuria moja imemfikisha ukingoni. Midomo inatetemeka, vidole vimekufa ganzi, kikombe hakishikiki. Sasa mlete mdogo wake mgonjwa anayehitaji sufuria ya pili.

Hatua ya 3: Acha alama

Pengine hutaki ajiumize. Joto litoke chumbani basi. Chumba cha mita 3 kwa 4, dari mita 3, kina hewa ambayo ingeshuka digrii 7 hivi kama ingekuwa kavu. Ya Mombasa si kavu. Itashuka pungufu ya hapo, kwa sababu mvuke ukigeuka maji hutoa joto, lakini ukungu utatanda na vioo vya dirisha vitatoa jasho upande wa nje. Anayepita uchochoroni akiona dirisha limelowa mchana wa kaskazi atajua mle ndani kuna nini. Umepata mpelelezi wako bila kumtafuta.

Hatua ya 4: Tafuta kiumbe aliyetangulia

Ukitaka mtu atoe umeme mikononi, usianze na radi. Anza na samaki. Mto Nile una kambare anayetoa volti zaidi ya 300, na Amerika Kusini kuna samaki kama mkunga aliyepimwa akitoa volti 860, matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Wanafanya hivyo kwa maelfu ya seli, kila moja ikitoa sehemu ndogo ya volti, zimepangwa kwa mfuatano kama betri za tochi. Kwa hiyo mhusika wako awe na kiungo cha namna hiyo, kichoke akikitumia, na kihitaji chakula. Wa kung'aa gizani naye akamwangalie kimulimuli, ambaye mwanga wake hutoka kwenye kemikali na karibu hauna joto.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Likoni: Mwalimu, hadithi yangu ina majini. Nikiyaeleza kisayansi si nitawaudhi wazee?*

Majini kwa wengi wetu ni sehemu ya imani, na mimi nisingeyagusa kwa hesabu. Yaache yawe yalivyo, au buni viumbe vyako na uvipe jina lako mwenyewe. Hivyo ndivyo unavyoweza kuvipima upendavyo.

*Mwanachama wa Kisauni: Umesema kupaa ni rahisi. Mbona basi hakuna apaaye?*

Nishati ni ndogo, kaka, lakini tatizo ni pa kusukumia. Kanuni ya tatu ya Newton inadai kila msukumo uwe na mwenzake wa upande wa pili. Akisukuma hewa chini, makuti ya paa yatang'oka na vumbi litapofusha waliosimama. Ikiwa anasukuma ardhi kwa mbali, basi yule aliye chini yake atalemewa na uzito wake. Chagua moja, usilisahau kwenye sura ya kumi.

*Mwanachama wa Nyali: Mhusika wangu ni wa karne ya 16, wakati Wareno wanajenga Fort Jesus. Atajuaje juli?*

Hahitaji kuzijua, dada. Manahodha wa majahazi walipanga safari za Uarabuni na Bara Hindi kwa kaskazi na kusi karne nyingi, bila kutaja tofauti ya joto kati ya bara la Asia na bahari. Walijua miezi, mawingu na rangi ya maji. Mhusika wako naye ajue kwa mwili: njaa, baridi, usingizi. Hesabu ibaki kwenye daftari lako, na kwenye ukurasa yaonekane matokeo tu.

*Mwanachama wa Changamwe: Na kutoonekana je?*

Hilo nalipenda. Mwanga ukimpita mtu wote, unapita na machoni pia, na jicho lisilonasa mwanga halioni. Mhusika wako atakuwa kipofu kila anapopotea. Ama umwachie mboni mbili zinazoelea hewani, ama umfundishe kusikiliza mwangwi kama popo. Mimi ningemwacha kipofu, nimtembeze sokoni Kongowea saa tatu asubuhi akiwa na kitu cha wizi mkononi, kitu ambacho watu wanakiona.