Somo: Kumuuzia mfanyabiashara jina la tovuti moja kwa moja, bila dalali

Somo hili ni la wale wenye majina mazuri ya tovuti, yaani domeini, waliyoyasajili kwa matumaini, wakayaweka kwenye minada ya mtandaoni, na sasa kila mwaka wanalipia ada bila mnunuzi kubisha hodi. Jina la Kiswahili linalotaja bidhaa ya huku kwetu halitapata mnunuzi kwenye mnada wa Marekani. Mnunuzi wake yupo Kizota au Nzuguni hapa Dodoma, au Singida mjini, ana mashine na mzigo, na unaweza kumfikia kwa bodaboda. Mfuate.

Hatua ya kwanza: hakikisha jina ni lako na ni safi

Ingia kwenye akaunti ya kampuni uliyosajilia uone mwenye jina ameandikwa nani. Kuna watu wengi walisajiliwa na fundi wa tovuti, na fundi akaandika jina lake. Ukikuta hivyo, lirekebishe kwanza. Angalia na tarehe ya kuisha. Likikaribia kuisha, lilipie, maana hakuna mfanyabiashara atakayefurahi kununua kitu cha kulipiwa tena wiki ijayo.

Kisha pitia mfumo wa BRELA, wakala wa serikali anayesajili biashara na alama za biashara. Ukikuta neno hilo ni alama ya biashara ya mtu, achana nalo. Kusajili jina la kampuni ya watu ili baadaye uwauzie ni kuwakaba, na hutafika mbali. Kwa .com upo utaratibu wa ICANN, shirika linalosimamia majina ya tovuti duniani, uitwao UDRP, tangu 1999: mwenye alama akithibitisha kwamba jina linafanana na alama yake, kwamba wewe huna haki nalo, na kwamba ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya, unanyang'anywa. Majina ya kuuza ni ya bidhaa, huduma na mahali: zabibu, alizeti, kokoto, malazi, Kondoa, Kibaigwa.

Hatua ya pili: chagua mnunuzi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi wanaporuka. Tuseme jina lako, kwa mfano wa kubuni, ni zabibukavudodoma.co.tz. Nenda dukani, shika pakiti za zabibu kavu zilizopo, geuza usome lebo. Kuna aliyeandika namba ya simu tu. Kuna mwenye anwani ya bure ya Gmail yenye tarakimu nyingi mwishoni. Na kuna mwenye tovuti, ila jina lake ni refu kiasi kwamba mteja hafiki nalo nyumbani. Huyu wa mwisho mfuate kwanza, kwa sababu ameshakubali kutoa fedha kwa ajili ya tovuti. Mwenye namba ya simu tu itabidi umfundishe kwanza faida ya tovuti, na hiyo ni kazi nyingine.

Tafuta nani anaamua. Kwa biashara nyingi za hapa ni mwenye mali mwenyewe. Lakini kijana wake wa kompyuta msalimie vizuri, umweleze kwa heshima, maana ukishaondoka yeye ndiye atakayeulizwa kama ulichosema ni kweli.

Angalia pia majira. Mwenye kiwanda cha kukamua alizeti, wakati wa mavuno fedha yake yote iko kwenye magunia ya mbegu. Ukimfuata wakati huo atakwambia rudi baadaye, na hakudanganyi. Mwenye lodge hapa mjini msubiri Bunge la bajeti limalizike mwishoni mwa Juni. Ametoka kupokea wageni tangu Aprili, ana fedha, na anaanza kuwaza vyumba vitajaaje miezi inayofuata.

Hatua ya tatu: ujumbe mfupi, kisha miguu

Usitume waraka. Andika hivi:

"Habari za kazi. Mimi ni mmiliki wa jina la tovuti zabibukavudodoma.co.tz. Nimeona pakiti zenu dukani, na anwani iliyo kwenye lebo ni ndefu kwa mteja kuikumbuka. Nauza jina hili. Naomba dakika kumi nije ofisini niwaonyeshe. Siku gani inawafaa?"

Ukifika, beba karatasi moja: jina kwa herufi kubwa, na lebo yao ya sasa ikiwa na anwani mpya. Akiiona kwenye pakiti yake mwenyewe, maelezo yako yanakuwa mafupi.

Hatua ya nne: bei

Itaje wewe. Ukisema "toa ulichonacho" umeshajishusha. Pima bei kwa kile ambacho tayari anakitumia kutafuta wateja, kama bango la barabarani au tangazo la redio, wala usiipime kwa ada uliyolipia. Kama laki nane inakutosha, anza na milioni moja na laki mbili, acha nafasi ya kupatana.

Hatua ya tano: makabidhiano

Hapa watu huumizana. Faida ya kuuza hapa hapa ni kwamba mnaweza kukaa meza moja, kwa hiyo kaeni.

Mnunuzi afungue akaunti yake kwenye kampuni ile ile uliyosajilia wewe. Kampuni nyingi huruhusu jina kuhama kutoka akaunti moja kwenda nyingine ndani yake, na ni haraka kuliko kulipeleka kwa msajili mwingine. Kwa .com, kwenda kwa msajili mwingine kunahitaji ufungue kufuli na kutoa namba ya siri ya uhamisho, kunaweza kuchukua siku tano, na jina lililosajiliwa au kuhamishwa ndani ya siku 60 zilizopita kwa kawaida hugoma.

Wekeni mkataba wa kurasa moja au mbili mbele ya wakili: jina, bei, tarehe, na kama tovuti na barua pepe zimo au hazimo. Asaini, alipe, uthibitishe fedha. Usithibitishe kwa meseji, maana meseji za kughushi zimejaa. Fungua salio la akaunti yako mwenyewe. Ndipo uhamishe. Mnunuzi aingie, aone jina lipo kwake, abadilishe nywila mbele yako. Mwandikie risiti.

Kama yuko mbali, tumieni kampuni ya amana kama Escrow.com: yeye anaweka fedha kwao, wewe unahamisha, akithibitisha kupokea wanakulipa.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kisasa: Shikamoo mwalimu. Mteja wangu anataka kulipa nusu sasa, nusu baada ya miezi mitatu. Nikubali?

Marahaba. Kubali, ila jina libaki kwenye akaunti yako mpaka alipe yote. Wakati huo lielekeze kwenye tovuti yake ili alitumie. Yote hayo, pamoja na kitakachotokea akiacha kulipa, yaandikwe kwenye mkataba.

Mwanachama wa Singida: Ameniuliza nilisajili kwa shilingi ngapi. Nimfiche?

Usimdanganye, ada za usajili anaweza kuzikuta mtandaoni. Mwambie ada ni ndogo kwa jina ambalo halijachukuliwa, na hili limeshachukuliwa. Kisha mrudishe kwenye lebo yake.

Mwanachama wa Kondoa: Mwalimu, .com yangu imeisha wiki iliyopita na nina mnunuzi. Bado ni langu?

Dada, lilipie leo. Wasajili wengi hutoa muda wa kulipia kwa bei ya kawaida, lakini hawalingani, na unaweza kuwa mfupi. Likishafutwa huingia siku 30 za kulikomboa kwa gharama kubwa, kisha siku 5 za mwisho, halafu yeyote analichukua. Usipokee hata kishika uchumba kabla hujalilipia.

Mwanachama wa Ilazo: Vipi nikiwafuata taasisi za serikali kule Mtumba, kwenye Mji wa Serikali?

Hizo zina majina yao yanayoishia na go.tz, na huwezi kuwauzia hayo. Wafuate wanaozihudumia: wapishi, wachapishaji, wenye magari ya kukodi.