Kabla ya Kufunga Rimu za Spoti: Spesa, Pete za Habu na Vipimo Vyake

Rimu nyingi za mtumba zinazouzwa Ilala au Kirinyaga Road zimetoka Japani, na muuzaji ana jibu moja kwa kila mteja: "Hii inaingia kwenye gari lako, bosi." Kuingia si hoja. Rimu inaweza kuingia kwenye studi, nati zikakaza, gari likatembea mtaani bila neno, kisha usukani ukaanza kutetemeka ukishika barabara kuu. Usalama wa kazi hii unaamuliwa na vipimo, na vipimo vyote huchukuliwa kabla hela haijatoka mfukoni.

Tuchukue Toyota Premio au Allion za 2007 na kuendelea, maana zimejaa kila kona ya Dar es Salaam. Habu yake, yaani sehemu ya gari inayofungiwa gurudumu, ina studi 5, PCD (kipenyo cha duara linalopita katikati ya studi zote) ya mm 100, kitovu (mwinuko wa katikati ya habu) cha mm 54.1 na uzi wa M12x1.5, yaani studi ya unene wa mm 12 na mm 1.5 kati ya uzi na uzi. Mark X na Harrier nazo zina studi 5, lakini PCD yake ni 114.3 na kitovu ni 60.1. Kwenye studi 5 huwezi kupima PCD moja kwa moja kutoka upande hadi upande, kwa sababu hakuna studi inayotazamana na mwenzake. Chukua venia, kile chombo cha kupimia milimita, upime kutoka katikati ya studi moja hadi katikati ya jirani yake. Ukipata 58.8, hiyo ni PCD 100. Ukipata 67.2, ni 114.3.

Ukipata 65.8 kwenye matundu ya rimu, umeshika 112 ya Mercedes-Benz au Volkswagen, na hapa ndipo watu wengi wanapoponzwa. Tofauti yake na 114.3 ni mm 1.4 tu kati ya tundu na tundu, kwa hiyo fundi ataipachika kwenye Mark X na kusema, "Kaza tu, itajipanga." Haijipangi. Nati inalalia upande mmoja wa tundu, studi inavutwa upande kila gurudumu linapozunguka, hadi inachoka na kukatika. Rimu hiyo mrudishie mwenyewe.

Kitovu ndicho kinachofuata. Rimu za dukani hutobolewa tundu kubwa la katikati, mara nyingi mm 73.1, ili zikubali magari mengi. Ukiiweka kwenye kitovu cha 54.1 inabaki nafasi tupu pembeni, na rimu inaweza kukaa nje ya katikati. Pengo hilo huzibwa na pete ya habu: nje 73.1, ndani 54.1, na vipimo hivyo huwa vimeandikwa kwenye pete yenyewe. Pete nzuri inaingia kwa kusukumwa na kidole gumba, haihitaji nyundo, na haidondoki ukiigeuza rimu. Kama inacheza, hiyo si ya kwako. Za plastiki ni rahisi na haziungani na kutu, ila joto la breki linaweza kuzilainisha; anayeteremka Kitonga na mzigo achague za alumini. Za alumini nazo, hasa kwa wakazi wa Tanga, Mombasa na Zanzibar wanaoishi na chumvi, hung'ang'ania kwenye habu. Paka grisi ya shaba kidogo sana kwenye kitovu, na isiguse nyuzi za studi wala uso wa habu.

Wapo wanaodhani pete ndiyo inayobeba gari. Pete inaweka rimu katikati wakati wa kufunga. Kinachobeba ni mbano: nati inavuta studi, na nyuso mbili zinabanana kiasi kwamba haziwezi kuteleza. Ukilishika hilo, mengine yote utayaona mwenyewe.

Kwa mfano nati. Rimu za alumini za Toyota zilizotoka kiwandani nyingi hutumia nati yenye shingo na washa bapa, wakati rimu za spoti karibu zote zina tundu la mteremko lenye pembe ya digrii 60. Nati bapa kwenye tundu la mteremko inagusa ukingo mwembamba tu, na mbano unalegea. Nunua nati zinazolingana na tundu, tena zenye uzi wa gari lako: Subaru na Nissan nyingi ni M12x1.25, hazichangamani na za Toyota. Zungusha kwa vidole kwanza, uhesabu. Nati ya M12x1.5 inatakiwa ishike mizunguko 8 kamili au zaidi, ya 1.25 ishike 10. Ikishika pungufu, usiendelee.

Sasa spesa, kile kisahani kinachowekwa kati ya habu na rimu ili kusogeza gurudumu nje. Maoni yangu ni kwamba spesa iwe kitu cha mwisho kununua. Ofseti sahihi ya rimu ni bora kuliko spesa yoyote. Ofseti, ile namba ya ET, inaonyesha uso unaogusa habu uko umbali gani kutoka mstari wa katikati wa upana wa rimu. Rimu ya ET45 ukiiwekea spesa ya mm 20 inakuwa kama ET25: gurudumu limetoka nje mm 20, na mzigo kwenye beringi umeongezeka. Ukitoka rimu ya 6.5J (upana wa inchi 6.5) kwenda 8J kwa ET ileile, unaongeza takriban mm 19 ndani kuelekea shokapu na mm 19 nje kuelekea madigadi. Kata usukani hadi mwisho pande zote mbili, kisha pakia watu nyuma, maana tairi lisilogusa gari likiwa tupu linaweza kusaga madigadi siku ya safari ya harusi.

Spesa nyembamba, za mm 3 au 5, huvishwa tu kwenye studi. Zinakula urefu wa studi, na zinakula mdomo wa kitovu ambao pete inaukalia. Mdomo wa mm 10 ukiuvisha spesa ya 5 umebaki nusu, na sehemu ya hiyo nusu inapotea kwenye ukingo uliochongwa wa rimu. Pete haina pa kushika tena. Spesa nene zina studi zake na hufungwa kwenye habu kwa nati za ndani. Hizo angalau zinaweza kutengenezwa na mdomo wake wa katikati. Angalia kama studi za asili zinachomoza kupita uso wa spesa: zikichomoza, rimu lazima iwe na vishimo vya kuzipokea. Kupanga spesa mbili, au kuvisha washa kwenye studi badala ya spesa, usikubali hata kwa bure.

Kabla ya kufunga, sugua kutu kwenye habu kwa brashi ya waya na uondoe vibati vidogo vya kiwandani vinavyoshikilia diski kwenye studi, la sivyo spesa haitalala. Geuza rimu uangalie mgongo wake. Zilizopakwa rangi upya mara nyingi zimepakwa hadi uso wa kugusia habu na matundu ya nati. Rangi hiyo inasagika taratibu na nati zinalegea. Iliyochomelewa iache.

Kaza kwa mpangilio wa nyota, gari likiwa bado juu, umalizie chini kwa spana ya kupimia mkazo. Toyota ndogo nyingi hutaka Nm 103. Bunduki ya upepo ya gereji haijui namba hiyo. Baada ya kilomita 50 hadi 100 kaza tena, na kama una spesa za nati za ndani, vua gurudumu uzipime hizo pia, kwani kwa nje hazionekani.

Halafu jaribu spea ukiwa nyumbani. Nati za spoti nyingi ni nyembamba au zina ufunguo wake maalumu, na spana ya 21 iliyokuja na Toyota haitazifungua. Ufunguo huo ukae ndani ya gari, pamoja na nati zinazokubali rimu ya chuma ya spea.